Fomu za siku ya posho: niliyojifunza nikitathmini mafunzo ya watumishi kando ya ziwa

Nilikabidhiwa bahasha ya kaki yenye fomu 62, nikaambiwa kazi ni nyepesi: jumlisha alama, andika ripoti ya kurasa ishirini, lete ankara ulipwe. Fomu zilikuwa zimejazwa na watumishi wa zahanati na vituo vya afya vya halmashauri moja ya Kanda ya Ziwa, mwisho wa mafunzo ya siku tano yaliyofanyika Mwanza mjini. Sitaitaja halmashauri hiyo. Ukifika mbele utaelewa sababu. Usiku ule nilizitandaza mezani kwangu Nyegezi nikaanza kuhesabu. Maswali kumi na mawili, kila moja na alama 1 hadi 5. Zaidi ya nusu ya fomu zilikuwa na 5 kutoka juu hadi chini. Nyingine kalamu ilikuwa imeburuzwa kwa mstari mmoja kwenye safu nzima ya 5 bila hata kunyanyuliwa. Penye maoni ya ziada wengi waliandika: siku ziongezwe.

Nilifurahi, na sitaficha. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya kujitegemea tangu nimalize shahada ya pili, kodi ya nyumba ilikuwa imebakiza mwezi mmoja, na majibu ya namna ile yalimaanisha ripoti isiyomuudhi mtu.

Aliyenizindua ni mzee mmoja, mhasibu mstaafu, jirani yetu. Nilimwonyesha majedwali yangu nikitaka anisaidie kuyakagua. Aliyaangalia kidogo, akavua miwani, akaniuliza: "Binti, hizi karatasi walijaza kabla ya kusaini posho au baada?"

Nikapiga simu kuuliza. Walijaza kabla, saa kumi jioni ya siku ya tano. Mwandaaji alikuwa amesimama mlangoni akizipokea moja moja, na meza ya posho ilikuwa imeshapangwa nyuma yake. Mtu anayewahi chombo cha kumrudisha kisiwani, posho yake iko hatua kumi kutoka alipoketi, hatakaa kuandika kwamba mkufunzi alikwenda mbio au kwamba kompyuta moja waligawana watu wanne. Na hapa nisieleweke vibaya. Posho haina dhambi. Mtumishi anayetoka kisiwani lazima alale mjini, ale, na nyuma aache hela ya matumizi. Lakini fomu iliyojazwa mbele ya meza ile inapima shukrani, na mimi nilikuwa nakaribia kuiandika kama ujuzi.

Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nayajua haya. Mwaka 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick aliandika mfululizo wa makala uliokuja kuwa msingi wa namna mafunzo yanavyopimwa karibu duniani kote. Aligawa kazi hiyo katika hatua nne: kwanza, washiriki waliyapokeaje mafunzo, pili, walijifunza nini, tatu, waliporudi kazini wanafanya nini tofauti, nne, kazi yenyewe imebadilika vipi. Niliisoma chuoni na kuijibia mtihani. Bahasha ilipofika mezani nilikaa kwenye hatua ya kwanza na nilikuwa tayari kulipwa kwa hiyo.

Nikamwandikia aliyenipa kazi kuomba nikawaone watumishi vituoni kwao, miezi tisa baada ya mafunzo. Alikubali, kwa sharti kwamba bajeti haiongezeki hata shilingi. Nikasema sawa. Nawasihi wanaoanza kazi hii wasiseme sawa kama mimi. Safari zile zilinila shilingi 340,000 za mfukoni, nyingi kwenye bodaboda na nauli za boti, na ankara yangu ilichelewa kulipwa kwa miezi mitatu. Kabla ya kusaini mkataba, soma hadidu za rejea mstari kwa mstari. Kama hakuna fedha ya kuwafuata watu walipo, sema mapema kwamba utakachotoa ni ripoti ya walivyojisikia ukumbini, basi.

Kuna suala la vibali pia. Nilidhani barua ya aliyenipa kazi inatosha. Haikutosha. Barua inaanzia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, inakwenda kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, na kwa kuwa wangu walikuwa watumishi wa afya, kwa Mganga Mkuu, kisha nakala kwa watendaji wa kata. Siku kumi na moja za kazi ziliishia kwenye mabenchi ya masijala. Ukitaka matokeo yako yawe utafiti wa kuchapishwa, kuna COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia inayotoa vibali vya utafiti, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na mambo ya afya yana kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Hayo ulizia kabla ya kununua hata kalamu. Andika namba ya kumbukumbu ya kila barua kwenye daftari lako, na anayekusaidia masijala msalimie vizuri kila siku, kwa sababu ndiye anayejua faili liko meza ipi.

Niseme kidogo mafunzo yenyewe yalihusu nini, maana bila hilo huwezi kuona uzito wa niliyoyakuta. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18, fedha za mfuko wa pamoja wa afya zilianza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za zahanati na vituo vya afya badala ya kukaa halmashauri. Ni jambo jema sana. Zahanati inaweza kununua glavu bila kusubiri mtu wa mjini. Ila pamoja na fedha ulikuja mfumo wa FFARS wa kuzitolea hesabu, na mtu aliyesomea kuzalisha akina mama akajikuta anatakiwa kuandaa hati za malipo, kuingiza matumizi kwenye mfumo na kutoa taarifa ya fedha ya robo mwaka. Mafunzo yalikuwa ya kumsaidia mtu huyo.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa kisiwani. Nilitoka mwaloni alfajiri, maana asubuhi ziwa huwa limetulia na mchana upepo huanza kusukuma mawimbi. Tangu kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua zaidi ya watu 220, sipandi chombo kilichojaa na sipandi bila boya la kujiokolea, hata kama ni kuahirisha mahojiano. Mara mbili niliahirisha. Waliokuwa wananisubiri walinielewa bila maelezo marefu.

Mganga mfawidhi alinipokea vizuri. Jina lake lilikuwa la nne kwenye orodha ya mahudhurio, fomu yake ilikuwa na 5 tupu. Nilimwuliza kama dodoso lilivyoniagiza: mafunzo yalikusaidia kwa kiwango gani? Akajibu, sana. Sijui ni nini kilinituma, nikaweka dodoso pembeni nikamwambia, "Dokta, naomba unionyeshe malipo ya mwisho mliyoingiza." Akaitazama kompyuta, akatazama mlango, akaita. Akaja binti wa miaka ishirini na kitu, ana leso begani, alikuwa akifagia wodi. Akakaa, akafungua mfumo, vidole vikaenda vyenyewe.

Yule binti alikuwa anajitolea. Amemaliza kidato cha sita, anasubiri nafasi. Hakuwahi kukanyaga ukumbi wa mafunzo na jina lake halikuwa kwenye orodha yoyote niliyopewa. Alijifunza kwa kuangalia, na kwa kundi la WhatsApp la vijana wenzake wanaofanya kazi hiyo hiyo kwenye zahanati nyingine. Nilipoteremka kuelekea gatini jioni ile nilijua dodoso langu limekufa. Ningeweza kuwahoji wote 62 na nisimwone hata mmoja wa wale wanaofanya kazi.

Katika vituo 17 nilivyofika, 9 vilikuwa hivyo: aliyefundishwa ni mmoja, anayeingiza hesabu ni mwingine. Sababu hazikuwa za uvivu, kama wengine walivyopenda kuniambia nilipokuwa mjini. Mfawidhi ana wagonjwa arobaini nje ya mlango. Muuguzi ana mama yuko kwenye uchungu. Mtandao unashika usiku, na usiku anayebaki kituoni ni kijana. Halafu kuna uhamisho: kati ya 62, watu 11 walikuwa wameshahamishwa, 3 wako masomoni, 2 wamestaafu. Waliondoka na walichofundishwa, na hakuna aliyewaambia wamwachie mwenzao. Orodha ya waliohama ningeipata kwa afisa utumishi kwa siku moja kama ningeiomba mapema. Mimi niliigundua kituo kwa kituo, kwa nauli yangu.

Niliandika dodoso upya nikiwa nyumba ya kulala wageni, kwa mwanga wa simu. Nikafuta "mafunzo yalikusaidia kiasi gani" na ndugu zake wote. Nikaweka: mara ya mwisho kuingiza malipo ilikuwa lini? Nani aliingiza? Ulikwama wapi? Ulipokwama ulimpigia nani?

Swali la mwisho ndilo lililozaa kuliko yote. Karibu kila kituo walitaja mtu yule yule, mhasibu mmoja wa halmashauri ambaye hakuwa hata miongoni mwa wakufunzi. Nilipomtafuta nilimkuta kijana mpole, amechoka. Alinionyesha simu yake: miito ya saa tatu usiku, saa nne, picha za skrini, sauti za watu wazima wakimwita "mwalimu" na kuomba msamaha kwa kumsumbua. Bando analonunua ni la kwake. Kwa maoni yangu yeye ndiye aliyekuwa mafunzo ya halmashauri ile, na hakuonekana kwenye bajeti wala kwenye ripoti ya mtu.

Kuna jambo la kitaalamu ambalo wenzangu huliruka. Nilikuja kupata fomu za siku ya kwanza, walipojipima kabla ya kufundishwa. Baadhi walijipa 4 kabla na 3 baada. Ukisoma harakaharaka utasema mafunzo yamewarudisha nyuma. Nilipowauliza, mmoja alicheka akasema, "Kabla sikujua kwamba sijui." Mtu asiyelijua jambo hana kipimo cha kujipimia nalo. Ndiyo maana "nionyeshe" ina thamani kuliko "jipe alama". Ila ukisema nionyeshe, chunga macho yako: usiombe nywila, usisome jina la mgonjwa, na ukimwona mtu anatetemeka, acha.

Na watatetemeka. Wengi waliniuliza kwa sauti ya chini kama majibu yao yanaingia kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma uliochukua nafasi ya ule wa zamani, OPRAS. Kwao mgeni mwenye barua ya Mkurugenzi na kishikwambi mkononi ni mkaguzi, hata ajiite mtafiti mara mia. Nilijifunza kufika na kukaa kwanza, kusalimia kwa utaratibu, kunywa maji niliyopewa, kueleza ridhaa kwa maneno yangu badala ya kuisoma kama hati ya mahakama. Na kwa wajumbe wa kamati za zahanati, ambao wengi ni wavuvi, nilijifunza kuangalia mwezi. Usiku wa giza wako majini na taa zao wakivua dagaa, mchana wanalala. Nilipoteza siku mbili nikiita vikao ambavyo hakuna aliyefika, mpaka mama mmoja muuza samaki akaniambia, "Subiri mbalamwezi, dada, utawapata wote." Akasema kweli.

Nafasi moja niliipoteza ambayo hairudi. Mafunzo yalitolewa kwa awamu mbili, na nilipopewa bahasha nusu ya vituo vilikuwa bado havijaitwa. Ningeenda mapema ningeona vituo vilivyofundishwa na visivyofundishwa vikifanya kazi ile ile, msimu ule ule, chini ya halmashauri ile ile. Nilipozinduka, awamu ya pili ilikuwa imeshamalizika. Kwa hiyo ripoti yangu iliweza kusema hali ikoje. Haikuweza kusema ni kiasi gani kimetokana na mafunzo, na nililiandika hilo ukurasa wa kwanza.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nikae kuandika haya.

Kwenye kituo kimoja cha kisiwani nilizungumza na muuguzi, mama wa makamo aliyekaribia kustaafu. Alinieleza kwa uwazi kuliko wote. Mfawidhi wake alikuwa anasafiri mara kwa mara kwa shughuli za kikazi, na fedha za dawa haziwezi kungoja. "Paswedi yake tunayo wote," aliniambia. "Tungefanyaje, mwanangu, na wagonjwa wako pale?" Nilimwahidi jina lake halitaandikwa. Halikuandikwa. Kwenye ripoti niliweka maneno yake kama alivyoyasema, na chini yake nikaandika: muuguzi, zahanati ya kisiwani.

Kwenye orodha yangu zahanati za kisiwani zilikuwa mbili. Moja muuguzi wake alikuwa mwanaume.

Kila aliyeketi kwenye kikao cha mrejesho, ukumbini, alijua ni nani kabla sijageuza ukurasa. Mimi sikujua. Nilikuwa nimesimama mbele, nasifiwa kwa ripoti yenye uhai. Siku tisa baadaye simu ikaita.

"Mwanangu, ulisema jina langu halitaandikwa."

"Halikuandikwa, mama."

"Nimeitwa kujieleza."

Kugawana nywila ya mfumo wa fedha ni kosa, na alikuwa amepewa siku saba aandike maelezo. Miaka zaidi ya thelathini ya kazi, kiinua mgongo kiko mbele yake, na mimi, niliyekaribishwa maji naye, ndiye niliyempeleka pale. Sikulala. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na nilikuwa nimeisoma. Nilidhani kufuta jina kunamaliza. Mahali penye muuguzi mmoja, cheo ni jina. Kisiwa ni jina. Namna yake ya kusema "mwanangu" ni jina.

Asubuhi nilikwenda kwa waliomwita. Sikwenda kumtetea kwamba hakusema. Nilisema kosa la kumfanya ajulikane ni langu, kwamba alinipa taarifa kwa ridhaa ya siri, na kwamba kama wakimwadhibu hakuna mtumishi atakayemwambia mtathmini ukweli tena katika wilaya ile. Nikawaonyesha pia kwamba vituo 9 vilikuwa na hali ile ile, kwa hiyo tatizo lilikuwa akaunti chache za mfumo, si mama mmoja. Niliomba nakala zote za ripoti zirudishwe, nikaandika nyingine. Maneno yake niliyatoa yote. Pale niliandika "katika baadhi ya vituo", bila kisiwa, bila cheo. Sentensi ilipoa, ikapoteza ladha, na ndivyo ilivyotakiwa kuwa tangu mwanzo. Shauri lake liliisha kwa onyo la mdomo baada ya wiki tatu. Wiki tatu ni nyingi kwa mtu wa umri wake.

Tangu hapo, kabla ripoti haijatoka, naisoma mstari kwa mstari nikijifanya mimi ni bosi wa kila aliyehojiwa. Nikiweza kumkisia mtu mmoja tu, nafuta. Na nukuu ndefu namsomea mwenyewe kwa simu kabla sijaitumia. Watatu kati ya kumi huniomba niitoe. Naitoa bila kubishana.

Mwaka uliofuata halmashauri ilimtengea yule mhasibu usafiri na muda wa maongezi ili azungukie vituo, na kwenye baadhi ya vituo vijana wanaojitolea walikaa naye mezani siku nzima wakifanya hesabu zao halisi. Nilipewa kazi ya kuangalia hilo limekwendaje. Nikarudi kisiwani.

Mama alikuwa bado yupo kazini. Alinipokea, akanipa kiti kile kile, akaleta chai na viazi vitamu. Nilipotoa karatasi ya ridhaa aliisogeza taratibu kwa upande wangu wa meza, akasema yeye kwa mambo ya kuandikwa amemaliza, nisimfikirie vibaya. Nikairudisha mkobani. Tukanywa chai, akaniuliza habari za mama yangu, nikamwambia. Kisha akainuka kwenda kumwangalia mgonjwa, na mimi nikakaa barazani kungoja boti.